Mtunzi wa Wimbo wa Pasi

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za dada yako, na unifikishie nyingine kwa wifi yangu na kwa wote waliomo nyumbani mwako. Naomba barua hii ikukute mzima, goti lako limetulia, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeshakuaga.

Ukiniuliza mimi, nipo. Moyo wangu umeanza kufanya kazi kama karani aliyekaribia kustaafu: unafika umechelewa, unaondoka mapema, na katikati unasinzia. Daktari, kijana mwenye adabu zake, aliniambia kwa maneno ya kuzunguka sana kwamba nisipange mambo ya mbali. Nikamwambia nimefundisha lugha miaka thelathini na saba, na sentensi inayomkwepa msikilizaji naitambua. Akacheka, kisha akaniambia waziwazi. Kwa hiyo naandika asubuhi tu, ukurasa mmoja kwa siku, kabla mkono haujaanza kutetemeka. Ukiona mwandiko umebadilika kutoka aya moja hadi nyingine, ujue ni siku nyingine.

Malalamiko yako yamenifikia. Kurasa nane, zimepigwa chapa vizuri, zimeelekezwa kwa Kamati ya Chama cha Wanamuziki, zisomwe kwenye kikao cha Alhamisi ya wiki ijayo. Kama ulivyozoea tangu darasa la pili, umeniletea nisahihishe lugha kabla hujaziwasilisha. Nimesahihisha. Utazikuta ndani ya bahasha hii zikiwa na wino mwekundu. Makosa ya herufi ni machache, hongera. Makosa mengine ni mengi, na hayo ndiyo yaliyonifanya niandike barua.

Unaiomba Kamati mambo matatu. Unataka wimbo wa “Mama na Pasi” uzuiwe usipigwe tena redioni, ukumbini wala kwenye simu za watu. Unataka jina la Kasuku, kinyozi aliyeuimba, lifutwe katika orodha ya wanamuziki wa heshima. Na unataka mtunzi wa maneno yale, ambaye kwa miaka arobaini na minne hajajulikana, atajwe na alaaniwe kwa kumtukana mama yetu marehemu. Umeandika kwamba unafanya haya kwa niaba yake. Hapo ndipo kalamu yangu ilipokwama, mdogo wangu. Nilikaa na karatasi hiyo mapajani mpaka chai ikapoa.

Wifi amenisimulia kwenye simu yaliyotokea kwenye harusi ya mjukuu wako. Kwamba wapiga muziki walipofungulia “Mama na Pasi”, ile mpya ya wale wasusi wawili, ukumbi mzima ulisimama. Kwamba bibi harusi mwenyewe alikunja shela begani akawa anapiga pasi ya hewa juu ya meza ya wazee, na bwana harusi akamnyooshea mkono wa koti lake apigwe pasi naye. Kwamba wewe uliinuka, ukachukua kofia, ukatoka, na gari likakungoja nje saa nzima kwa sababu dereva alikuwa ndani anacheza. Wifi alikuwa anajitahidi asicheke akinisimulia. Mimi sikujitahidi.

Huu ndio ukweli unaokuuma, na mimi sitaupaka sukari. Wimbo wako wa “Mama Dirishani” ulifika nafasi ya tatu katika Kumi Bora ya Jumamosi redioni, ukakaa hapo wiki mbili, ukaanza kushuka. Wimbo wa Kasuku, wenye tuni yako na maneno ya mzaha, ulifika wa kwanza ukakaa wiki kumi na tisa. Nakumbuka kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wakinyang'anyana kadi za posta za kupigia kura, na mwalimu mkuu alinilalamikia kwamba darasa langu linanuka gundi ya stempu. Miaka kumi na miwili baadaye bendi ya askari wa zimamoto iliuimba kwa tarumbeta, ukarudi wa nne. Zikaja kanda, ukarudi. Mwaka huu wasusi wawili ambao wakati ule hata mama zao hawakuwa wamezaliwa wameuimba wakisukana mbele ya simu, na sasa hivi ninavyoandika ni wa kwanza kwa wiki ya tatu. Nyimbo zilizoushinda “Mama Dirishani” mwaka ule, zile za huzuni kubwa na vinanda vingi, nani anazikumbuka leo? Mimi mwenyewe nilizisahau, na kumbukumbu yangu ndiyo kiungo pekee kisichohitaji dawa.

Katika ukurasa wa pili umemwita Kasuku mwizi aliyeishi kwa jasho la wenzake. Nimekata sentensi hiyo kwa mistari miwili. Jina lenyewe ni wewe uliyempa. Ulimwambia mwandishi wa gazeti kwamba yule kinyozi ni kasuku tu, hana wimbo wake hata mmoja, na Jumamosi iliyofuata akajitangaza redioni kwa jina hilo kwa furaha kama mtu aliyepewa cheo. Kwa miaka thelathini aligeuza nyimbo kumi na saba na zote kumi na saba ziliingia Kumi Bora. Unajua vizuri, ingawa hukuandika, kwamba wanamuziki wenzako walikuwa wakienda kwake wenyewe. Aliyegeuziwa wimbo na Kasuku, wimbo wake wa asili ulipanda. Hata wako. Wiki ya tano ya “Mama na Pasi”, “Mama Dirishani” iliyokuwa imeshaanguka nje ya kumi iliamka ikapanda mpaka ya pili. Wewe umezoea kusema ilipanda kwa uzito wake. Ilipanda kwa sababu watu walicheka Jumamosi, na Jumatatu wakataka kuusikia ule ambao ulikuwa unachekwa.

Tena alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa waungwana wengi. Hakuimba wimbo wa mtu kabla mwenye wimbo hajaketi kwenye kiti chake cha kunyolea. Alimfunga shuka shingoni, akampaka povu, akashika wembe, na huku wembe uko kidevuni alimwimbia maneno mapya kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mtu akicheka, ameruhusu. Akikunja uso, Kasuku alimaliza kumnyoa kimya kimya, akamfuta, na maneno yale hayakusikika tena duniani. Alikuwa akisema kwamba kicheko cha mtu mwenye wembe shingoni hakiwezi kuwa cha uongo. Waimbaji wakubwa walipanga foleni nje ya duka lile pembeni mwa kituo cha mafuta wakiwa na ndevu za makusudi. Wengine walitoka na mikwaruzo na wakajivunia.

Wewe hukuketi kwenye kiti kile. Hilo umeliandika ukurasa wa nne, na ni kweli. Umeandika kwamba kwa wimbo wako pekee alivunja utaratibu wake, akaimba bila kukuuliza, na kwamba hilo lathibitisha dharau yake. Hapa, mdogo wangu, sikukata kitu. Niliweka alama ya kuuliza pembeni, kisha nikaifuta, kwa sababu jibu ninalo mimi.

Ni mimi niliyemwambia kwamba ruhusa ipo. Niliingia dukani kwake Jumatano mchana nikiwa na daftari la shule mkononi, nikamwambia kwamba mdogo wangu yuko kazini na bendi, hawezi kuja kuketi, lakini nyumbani kwetu tumekubali. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikajibu nina hakika. Maneno ya “Mama na Pasi” yalikuwa kwenye daftari hilo, kwa mwandiko wangu. Kinyozi hakuiba. Aliletewa, na aliyemletea ni mwalimu wa lugha mwenye viatu safi, akamwamini.

Nadhani sasa umeiweka barua chini. Nenda kanywe maji, kisha rudi, kwa sababu sijamaliza na sina nguvu ya kuandika mara ya pili.

Turudi kwenye ukurasa wa tatu, aya ya pili. Hapo umeieleza Kamati kisa ambacho umekieleza magazetini mara nyingi mpaka nadhani sasa unakiona kwa macho: kwamba siku “Mama Dirishani” ilipopigwa redioni mara ya kwanza, mama alilia kwa fahari na uchungu mpaka akaunguza shati la mteja. Wewe hukuwepo. Mimi nilikuwepo, nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nasahihisha insha. Chumba unakikumbuka: meza ndefu yenye blanketi kuukuu, kamba tatu za nguo zilizopita juu ya vichwa vyetu, pasi mbili za makaa, moja ikitumika na moja ikipata moto. Redio ilikuwa juu ya kabati la sahani. Unakumbuka pia mama alivyofanya kazi. Hakuwa na saa. Aliimba. Kola ilikuwa mstari mmoja, mikono mistari miwili, mgongo wa shati ubeti mzima. Wimbo ukiisha, shati limeisha. Ndiyo maana alipenda nyimbo zenye mwendo na alizichukia zile zinazoburuta.

Wimbo wako ukaanza. Mama akaufuata, kama alivyofuata kila wimbo, bila kujua ni wako mpaka mtangazaji alipotaja jina katikati. Ukafika kwenye kiitikio, pale ulipoivuta ile sauti ya mwisho mpaka watu wakafikiri redio imekwama. Pasi ilikuwa kwenye kola. Mama alisubiri mstari uishe ili ainue mkono, mstari ukawa hauishi. Moshi ulipopanda ndipo alipoinua. Kola ya karani wa posta ilikuwa na alama ya pasi kamili, kama mhuri. Akaitazama kola, akaitazama redio, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Aliniambia kwamba mwanawe ameimba vizuri sana lakini angemaliza sentensi mapema kidogo, karani asingekwenda kazini bila kola. Kulia hakulia. Machozi yalimtoka, ndiyo. Ya kicheko.

Sasa soma tena maneno yako, kwa jicho la mtu aliyekuwa chumbani mle.

Mama yuko dirishani,
chozi lamtiririka;
mwana yuko safarini,
barua hazijafika.

Dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani, dhiraa moja mbele. Hakuna aliyewahi kukaa pale kungoja kitu isipokuwa paka. Safari yako ilikuwa mabasi mawili, na kila Jumapili ulifika na mfuko wa mashati ya bendi nzima, ukayatupa juu ya meza ya mama, ukalala. Sikulaumu kwa kutunga. Kutunga ni kazi yako, na tuni ile ni nzuri kuliko zote ulizowahi kuzipata. Nilisema hivyo wakati ule na nasema tena leo. Nakulaumu kwa jambo moja: ulimtoa mama yetu kwenye meza yake ya kazi ukampeleka dirishani kulia, na hukumuuliza.

Yaliyofuata huyajui kwa sababu tulikuficha. Wimbo ulipopendwa, wapangaji wenzetu walianza kuja. Mama mmoja alileta leso mpya tatu. Wazee wa mtaa walituma ujumbe wa watu wanne kumpa pole, wakaketi kwenye kitanda chake wakiinamisha vichwa, huku yeye ana mashati kumi na manane ya hoteli yanamngoja. Akawaeleza kwamba hana shida yoyote. Wakatazamana, wakasema jinsi alivyo na subira. Kisha wateja wakaanza kupungua. Yule karani wa posta, ambaye hakulalamika kwa kola yake, alikuja kuchukua nguo zake zote. Alisema kwa sauti ya msibani kwamba dhamiri yake haimruhusu kumbebesha mzigo mwanamke mwenye uchungu kama ule. Mama alipiga pasi miaka ishirini na sita. Alikuwa fundi. Watu walivuka soko zima wakapita madobi watano ili wafike kwake. Kwa dakika nne za wimbo ukawa umemfanya maskini wa kuhurumiwa.

Usidhani alikukasirikia. Alikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu alikuwa amesimama mezani, pasi inakwenda haraka haraka, na nikamsikia akiimba tuni yako kwa mwendo wake mwenyewe, ile sauti ya kuvuta ameikata kama anavyokata uzi kwa meno. Nikasimamisha kalamu yangu. Nikamwambia arudie. Akasema nisimsumbue, kola hazingoji. Akarudia hata hivyo, na mimi nikageuza insha ya mtoto wa watu nikaandika nyuma yake.

Mama, pasi mkononi,
jasho lamtiririka;
mwana yuko redioni,
nguo hajazianika.

Msiniletee leso,
huu ni moshi wa jiko;
nileteeni makaa,
mashati yangali huko.

Mtunzi unayemtafuta umlaani, mdogo wangu, ni mama.

Mimi nilikuwa mkono wake wa kuandika tu, kwa kuwa yeye hakujua kuandika. Sikuongeza neno, sikupunguza. Nilijaribu kurekebisha mstari mmoja akaniambia mwalimu, wewe sahihisha watoto wako. Daftari lilikuwa langu, rai ya kwenda kwa kinyozi ilikuwa yake. Alisema wimbo ulitoka redioni na utarudi huko huko. Kuwaeleza majirani mmoja mmoja kutamchosha. Nilipomwambia Kasuku ruhusa ipo, na yeye akasita, mama mwenyewe alikwenda kesho yake. Aliketi kwenye kile kiti cha kunyolea, akafungwa shuka shingoni, kwa sababu Kasuku alisema utaratibu ni utaratibu. Tofauti ni kwamba siku hiyo aliyekuwa kwenye kiti ndiye aliyeimba, na aliyeshika wembe ndiye aliyecheka. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walitoka nje kwenda kushika ukuta. Mama akamfundisha mwendo kwa kupiga kiganja kwenye mkono wa kiti, akamwonya kwamba akiuburuta, atamletea kola zote zitakazoungua.

Redio ilimtaka mwimbaji awe na fomu ya idhini ya mtunzi, aitunze mwenyewe. Niliijaza mimi, jina lake lote, na chini yake akaweka dole gumba. Kisha akatutaka ahadi, mimi na kinyozi. Alisema wewe una roho nyepesi, ukijua ni yeye utaacha kuimba, na yeye hakukuzaa uache kuimba. Akasema tungoje. Siku utakapousikia wimbo ule ukacheka, siku hiyo hiyo tukwambie, na yeye awepo akuone uso.

Tukangoja. Wimbo ukawa wa kwanza. Wateja wakarudi; walikuja wakiimba, wengine walileta nguo zisizohitaji pasi. Yule karani alirudi na kola mpya akaomba atiwe mhuri. Mama aliishi miezi kumi na mmoja baada ya hapo, na nakuapia ilikuwa miezi yake bora, watu walimpigia miluzi ya heshima alipopita sokoni. Wewe ulisusa kuja Jumapili. Ulituma ujumbe kwamba hutakanyaga mtaa unaomcheka mama yako. Alipofariki ulikuja, ukaimba “Mama Dirishani” kaburini, na kila mtu alilia, hata mimi. Kinyozi alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Ulimwona ukaagiza aondolewe. Akaondoka, na fomu ilikuwa mfukoni mwake.

Fikiria hilo kidogo. Miaka arobaini na minne mtu yule amekuwa na karatasi ya kumsafisha. Umemwita mwizi gazetini, umekataa kupanda naye jukwaa moja, umesababisha anyimwe ile tuzo ya uzeeni. Angeinua karatasi moja tu ungenyamaza. Hakuinua, kwa sababu alimwahidi mpiga pasi. Wiki iliyopita nilimwita. Alikuja akishikwa mkono na binti yake, mikono yake inatetemeka kuliko yangu, hawezi tena kunyoa hata yai. Nilimwambia nimemfungulia ile ahadi. Alikataa. Alisema masharti ni mpaka ucheke, na wewe hujacheka. Ilinibidi nimpandishie sauti ya darasani ndipo aliponikabidhi karatasi. Kwake yeye nimeomba msamaha, kwa magoti yasiyokunjika, kwa sababu nilimwacha abebe lawama ya nyumba yetu huku mimi nikiitwa dada mwema. Akanisamehe kabla sijamaliza.

Kwako siombi. Nimejipima, nikiwa hapa kitandani na sina haja ya kumfurahisha mtu, na sijutii daftari lile. Ningeulizwa leo ningelipeleka tena, hata kwa kutambaa. Nilichokosa kwako ni kungoja. Ningekwambia mapema, ucheke usicheke, ungepata miaka ya kunikasirikia na miaka ya kupoa. Sasa nakubana kwenye siku chache. Hilo ni kosa, nimelitia wino mwekundu mimi mwenyewe.

Nakala ya fomu nimeshaipeleka kwa Kamati, pamoja na barua yangu. Usijisumbue kumpigia simu katibu ili aizuie. Alikuwa mwanafunzi wangu na ananiogopa. Nimeomba jina la mtunzi liandikwe rasmi, jina la mama, lote, kama lilivyo kwenye fomu, na litajwe kila wimbo ule unapopigwa. Wale wasusi wawili wameshajulishwa. Waliniletea ujumbe wa sauti wakilia na kucheka kwa pamoja, wakiuliza kama kuna picha yake. Nimewapelekea ile aliyoshika pasi.

Malalamiko yako unaweza kuyawasilisha Alhamisi ukitaka, haki ni yako. Ila sasa jua unamshtaki nani. Mimi nitakuwepo. Gari nimeagiza, daktari amekataa, nimemwambia ashike mkono mmoja na muuguzi ashike mwingine. Utakaposimama kusema kwa niaba ya mama, nitakuwa nimeketi mbele yako, na nitasimama, nikiweza kusimama, niseme mama alishajisemea.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo Kasuku hakuliimba. Alisema ubeti huu hauchekeshi, na kazi yake ni kuchekesha, akauacha kwenye daftari. Mama hakubishana naye. Aliutunga siku ile uliposusa kuja, akiwa anapiga pasi yale mashati yako mawili uliyoyasahau kwetu. Hakuna aliyewahi kuusikia ila mimi na Kasuku, na tukiondoka utaondoka nasi, kwa hiyo nauandika hapa. Tuni unaijua.

Mwanangu, imba za kwako,
niache niimbe zangu;
tuonane redioni,
mimi kando ya mwanangu.

Wiki ile ya tano, mama alipoambiwa kwamba kwenye Kumi Bora wimbo wake ni wa kwanza na wako ni wa pili, aliniomba nimwandikie mistari miwili ya juu ya orodha ile ya gazetini kwenye kipande cha karatasi, mmoja chini ya mwingine. Akakibandika ukutani juu ya meza. Hakujua kusoma. Alikuwa akinyoosha kidole, anasema huyu mimi, huyu yeye, tumekaa pamoja.

Msalimie wifi, mwambie asijizuie tena kucheka kwenye simu. Mbusu bibi harusi kwa niaba yangu. Vaa koti zito siku ya Alhamisi, ukumbi wa Kamati una baridi na kifua chako si cha kijana.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na nisiyekuogopa,

Mwalimu